Siku Niliyompa Mama Mkwe Mgongo Langoni

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Jumamosi pale Malaba ambayo mpaka leo haijanitoka akilini. Nimesikia umepata nafasi kwenye mafunzo ya walinzi, na kwamba hulali, unajiuliza kama utaifaa kazi hiyo au utaaibika. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Basi kaa nikusimulie, na ukiona nazunguka kidogo univumilie, maana hata uzee huu haujanifundisha kusema jambo bila kuligeuza kichwani mara tatu.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya midomoni mwetu. Nilikuwa nimemaliza sekondari ya misheni, na kule kwetu Namboboto hilo lilikuwa jambo kubwa. Majirani waliniletea barua zao niwasomee. Kila mtu alitarajia nipate kazi ya mezani. Nilituma maombi, nikangoja, na kila juma lililopita bila jibu nilitafuta kosa langu: labda ni mwandiko, labda niliikunja barua vibaya, labda karani aliyeifungua aliamka na hasira. Mwishowe nikasikia kwamba wafanyabiashara wa Busia na Malaba wameungana, wamemwajiri sajini mstaafu awafundishe vijana wanane kulinda maghala yao. Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu, na mwishoni ungepewa barua na beji ya shaba. Nikaenda, nikijidanganya kwamba ni kwa muda mfupi tu.

Sajini Omuse alikuwa Mteso mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyokufikia kabla hujamwona. Hakuwa na kitabu. Wiki ya kwanza alitufundisha kusimama. Ndiyo, mwanangu, wiki nzima ya kusimama tu! Alisema mtu anayesimama vibaya asubuhi, jioni anakuwa amelala huku amesimama. Kisha tukajifunza filimbi, kufuli, na kuzunguka ghala bila kufuata njia ile ile kila mara. Tukajifunza kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Mimi niliandika kila neno kwenye daftari, na Sajini akanipa jina.

"Bwana Daftari," aliniita siku moja mbele ya wenzangu. "Mwizi akikuja, utamwambia angoje ufungue ukurasa?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha rungu lake. Nami usiku ule nikakaa nikijiuliza kama alikuwa anatania au ananifukuza kwa adabu. Sasa nikikumbuka sauti ile natabasamu, na ningetoa mengi kuisikia tena.

Lakini nililotaka ulijue ni jinsi tulivyofundishwa kupekua. Mbele ya lango tulitandika turubai. Kila mfanyakazi aliyetoka jioni alimwaga mzigo wake juu yake kwa mikono yake mwenyewe. Mwanamke alikung'uta leso yake, mwanamume koti lake. Sisi hatukugusa mwili wa mtu. Tuliangalia, na tukiridhika tukasema kwa sauti kubwa, "Safi!" Sajini alisisitiza sauti hiyo isikike mpaka mwisho wa foleni. Mimi niliona ni kelele za kambini. Nilidhani mtu mstaarabu angetikisa kichwa tu, ikatosha.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Amoit, kwao njia ya kuelekea Angurai. Nilikutana naye soko la Malaba akiuza mihogo, akanicheka kwa kuwa nilichagua vipande vinne kwa muda ambao mtu mwingine angenunua, apike na kula. Wazee walikuwa wamekwisha kukutana na kuelewana, ikabaki tarehe. Na tangu siku ile wazee walipoelewana, mama yake akawa mkwe wangu.

Nyinyi wa leo mnapiga picha na mama wakwe bega kwa bega, na silaumu. Zamani zetu, kwetu Wasamia na kwa Wateso pia, mama mkwe hukumpa mkono, hukula naye, wala hukumtazama usoni. Mkikutana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Kukosea hapo haikuwa utani. Posa ingeweza kuvunjika, na kwangu, niliyekuwa nikitoka kabila jingine, niliona macho ya ukoo mzima yakinisubiri nikosee.

Basi Jumamosi ile, zikiwa zimebaki wiki mbili mafunzo yaishe, nilipelekwa kwa mara ya kwanza kwenye ghala la tajiri mmoja Mwislamu tuliyemwita Hajji. Msimu wa njugu ulikuwa umefika, na Hajji alikuwa ameongeza kina mama wa kubangua na kuchambua. Mwenzangu mmoja alikuwa ndani karibu na mizani, mimi nikawekwa langoni. Saa kumi jioni foleni ikapangwa. Nikapekua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikainua macho, na wa sita alikuwa mama yake Amoit.

Sikujua kama ameajiriwa pale. Nikaanza kufikiri. Nikimpekua, nimevunja mila mbele ya watu wote na Amoit nimempoteza. Nikimwacha apite, nimevunja kazi. Nikikimbia chooni, nani atashika lango? Nikijifanya mgonjwa, je, kesho? Wa nne akapita, wa tano akapita, mimi bado nafikiri. Nilipozinduka alikuwa mbele ya turubai, leso ameivuta usoni, kikapu kichwani, amesimama anangoja. Anangoja nini, sikuelewa. Nikageuka nikatazama ukuta.

Alisimama kidogo tena. Kisha nikasikia nyayo zake zikipita nyuma yangu.

"Ai! Leo askari amepofuka?" akasema mama mmoja aitwaye Nafula, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wembe.

"Hajapofuka, huyo ni mkwe wake," mwingine akajibu, na foleni yote ikaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nilijiona kijana mwenye adabu.

Jumatatu asubuhi jiwe la mizani la ratili moja halikuonekana. Lilikuwa dogo, la shaba, la kuingia kiganjani. Bila jiwe hilo hakuna kupima rejareja, na shaba ilikuwa na wanunuzi wake. Hajji akamwita Sajini, Sajini akawakusanya kina mama uani, nasi walinzi tukasimama pembeni.

"Sisi wote tulimwaga vikapu," Nafula alisema, na safari hii hakucheka. "Wote tuliitiwa safi, kila mtu alisikia. Kuna mmoja tu alipita kama upepo."

Mama Amoit akainuka. Alisema kwamba kikapuni mwake mlikuwa na maganda ya njugu ya kuwashia moto na kisufuria chake cha uji. Akawauliza wenzake, "Nani aliona?"

Hakuna aliyeona. Mtu pekee aliyepaswa kuona alikuwa ametazama ukuta. Hajji hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole apumzike nyumbani mpaka jiwe lipatikane. Lakini mwanangu, upole huo ulikuwa sawa na kumtangaza. Alitoka peke yake, katikati ya wanawake waliokuwa Jumamosi wakinywa naye uji, na hakuna aliyemuaga.

Sajini alinipeleka nyuma ya ghala. Nilitarajia kelele. Aliongea polepole, na hilo likaniogopesha zaidi.

"Bwana Daftari, ulimfanyia nini yule mama?"

"Nilimheshimu, Sajini."

"Umemnyang'anya shahidi. Wewe unafikiri kupekua ni kuambia mtu yeye ni mwizi. Mimi nilikufundisha nini? Hao wengine leo wamesimama hapo bila wasiwasi kwa sababu kuna askari aliangalia na akasema. Yeye hana mtu."

"Nitasema ukweli, Sajini. Nitasema ni mimi sikumpekua."

"Hiyo kila mtu anajua. Hiyo haimsaidii tena. Ungemsaidia Jumamosi."

Nilikaa siku mbili na maneno hayo. Siku ya tatu nilikwenda kwao. Amoit alinipokea bila kucheka, akanipeleka nyuma ya jiko. Mama yake alikuwa ndani, mimi nje, ukuta wa udongo katikati yetu, nami nikitazama shamba la mihogo. Tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya kwake wala yangu.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini uliangalia ukuta?"

"Ni mila, mama. Nilikuwa nakuheshimu."

"Mimi nilisimama pale na kikapu. Nilingoja uite mwenzako. Si kulikuwa na mwenzako kwa mizani?"

"Alikuwako."

"Ungemwita tu. Mila imekataza macho yako. Haijakataza mdomo."

Katika mawazo yangu yote ya Jumamosi ile, yaliyozunguka mpaka chooni, hilo la kumwita mwenzangu halikunijia. Lilikuwa rahisi mno.

"Mama, huyu anafikiri mpaka chai inapoa," Amoit akasema kwa sauti ya chini.

"Wacha afikiri," mama akajibu. "Lakini sasa mimi nikienda soko, watu wanavuta vikapu vyao karibu. Nimeishi hapa miaka yangu yote. Msamaha wako nitaufanyia nini? Mimi nataka jina langu."

Nilirudi Malaba kwa miguu, na njiani kwa mara ya kwanza maishani sikuyapima mambo pande zote. Asubuhi iliyofuata, kina mama walipokuwa wakiingia, niliwaomba wasimame. Nikasema mbele yao, mbele ya Hajji na wenzangu, kwamba mama huyu alisimama mbele ya turubai akiwa tayari kumwaga kikapu chake. Kwamba alingoja, na ni mimi niliyegeuka. Nikasema mwizi anayetaka kupita hangoji. Lango lile lilikuwa langu, na kama kuna mtu wa kukaa nyumbani mpaka jiwe lipatikane, ni mimi. Nikavua filimbi nikampa Sajini.

"Barua hutapata," alisema.

"Najua, Sajini."

"Na beji pia." Kisha akaangalia kando. "Nenda salama."

Sikusema maneno yale kwa ushujaa, usidhani. Lakini nilipokuwa nikitoka, nilimsikia Nafula akisema, "Kweli, yule mama alisimama. Hata mimi nilimwona akisimama." Nikashika njia ya Namboboto na neno hilo tu.

Nyumbani nilishika jembe. Majirani hawakuuliza, na kutouliza kwao kuliniuma. Wiki ya tatu ikafika barua ya Amoit, fupi. Dereva wa lori alikuwa amerudi kutoka Tororo na jiwe la mizani. Mnunuzi wa huko alilikuta ndani ya gunia la njugu lililoshonwa Jumamosi ile ile. Lilikuwa limedondokea humo, wala hakuna aliyeiba. Hajji alikwenda mwenyewe hadi kwao Amoit, akalionyesha kwa majirani mmoja mmoja kabla ya kumwomba mama arudi kazini. Mama alikubali, kwa sharti moja, na sharti hilo Amoit aliliandika mwishoni: "Amemwambia Sajini akurudishe, uanze upya pamoja na hao vijana wapya wanaoanza mafunzo. Anasema askari ambaye ameshakosea mbele ya watu na akasema, huyo atafungua mdomo siku nyingine."

Nilirudi. Nilianza na wiki ya kusimama, pamoja na vijana walionicheka. Wakati huo Sajini alikuwa ameongeza somo: mlinzi akiona mkwe wake kwenye foleni, au ndugu, au mtu mwenye ugomvi naye, aseme kwa sauti na kumpisha mwenzake. Amoit na mimi tuliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na mama yake nilimtazama usoni mara moja tu, siku ya kumzika.

Siku hizi nikipita Malaba, malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, na mahali pa ghala la Hajji pamejengwa maduka. Walinzi wana sare nzuri na mashine za kulia mtu akipita na chuma. Nawapita na kuwasalimu. Wengi hawajui kwa nini mzee huyu anawatazama mikono.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jifunze vyote watakavyokufundisha, hata vile utakavyoviona vya kipuuzi, kwa maana waliovianzisha waliumizwa na jambo fulani. Lakini ujue kwamba mtu anayepita mbele yako anakukabidhi jina lake, hata kama amekasirika, hata kama anakudharau. Usimruke kwa sababu unampenda au unamwogopa. Mtazame sawasawa na wenzake, kisha sema ulichoona. Na ukikwama, wewe unayewaza sana kama mimi, usikae na mawazo peke yako mpaka mtu afike mbele ya turubai. Mwite mwenzako. Hakuna cheo kinachoshushwa na neno "nisaidie".

Nenda ukaanze, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kusimama, macho yasiyochagua watu, na mwenzako karibu wa kumwita. Na kila jioni, mkifunga lango, kila aliyepita kwako afike kwake jina lake likiwa zima, nawe ulale usingizi. Amina.