Laptopu Yenye Tundu Moja

"Sikilizeni, watu wangu! Mwaka huu nimetupa CD zote, DVD zote, na ile kompyuta iliyokuwa nzito kama jiwe la kaburi. Dunia imehamia hewani, na mimi nimehama nayo. Wa kwanza kuniona nimeshika CD, nitamnunulia bekoni, tena ile iliyokatwa nene, kwa pesa yangu mwenyewe!"

Hivyo ndivyo alivyotangaza Kaz Wojtanik, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukumbi mzima wa zimamoto wa kujitolea, Jumamosi ya bahati nasibu ya nyama. Mji wote wa Cheektowaga, ule wa karibu na ziwa, ulikuwa pale, au angalau ule unaokunywa bia. Kaz ndiye mzungusha gurudumu. Likisimama, mtu mmoja anaondoka na kuku mzima au fungu la soseji, na waliobaki wanaondoka na kiu. Watu walimpigia makofi na kugonga meza. Shemeji yake, Gene Pokrywka, hakupiga. Alisimama kule nyuma, jagi mkononi, akapaza sauti:

"Shem, wewe hata rimoti inakushinda! Zungusha gurudumu, kuku anayeyuka!"

Majigambo yote yale yaliletwa na laptopu. Binti wa Kaz, Renata, anayeishi Arizona ambako theluji wanaiona kwenye kalenda, alimtumia baba yake laptopu hiyo kama zawadi ya Krismasi. Ilikuwa nyembamba mno, hata Kaz alipofungua boksi alidhani wamemletea kifuniko na chungu kimesahaulika dukani. Ubavuni ilikuwa na tundu moja. Moja tu. Hilo hilo la kuchajia, hilo hilo la kuchomekea kitu kingine chochote. Mtu mwingine angelalamika. Kaz alilisifia.

"Kitu cha kisasa hakina matundu," alimwambia mkewe. "Matundu mengi ni ya jibini."

Usimwone mtu wa ajabu. Kaz alitumia maisha yake ya kazi katika kiwanda cha waipa za magari, mpaka siku wenye kiwanda walipogundua kwamba waipa zinaweza kutengenezwa Mexico. Walichowaachia watu ni uwanja wa kuegesha magari, na hata huo ukawekewa mnyororo. Tangu hapo Kaz akawa na ugonjwa mmoja: hutupa vitu kabla vitu havijamtupa yeye. Alitupa sare za kiwandani, akatupa vikombe vya ushindi wa boling, akatupa santuri za muziki wa polka za baba mkwe. Bernadine, mkewe, alikuwa akipita nyuma yake kama mtu anayeokota maembe yaliyodondoka, anachomoa hiki pipani, anaficha kile kabatini. Kodiani ya baba yake aliiokoa ikiwa tayari na maganda ya viazi juu yake. Na ile draivu ya nje ya kusomea CD, ndogo kama kitabu cha sala, waya wake ukining'inia kama mkia, Bernadine alimpa kaka yake Gene kimyakimya kabla lori la taka halijapita.

Kisha mgongo wa Bernadine ukaharibika.

Ulianza vuli iliyofuata, maumivu madogo ya kuinama. Bernadine alikuwa ndiye anayesukuma unga wa pierogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, za parokia nzima, anasimama kwenye meza ya jikoni la kanisa tangu misa mpaka jioni, na mikono yake ilijulikana. Krismasi ilipofika, alikuwa akisukuma unga ameegemea meza kwa kiuno. Januari ikamkuta kwenye kochi. Maumivu yalimla hadi hamu ya chakula. Alikuwa akitafuna kipande cha mkate mkavu, anashushia na chai, anasema ameshiba. Kaz alijifunza kupika supu, na supu ikajifunza kumdharau Kaz. Mchana alipigiana simu na bima, na bima ikampigia muziki. Usiku alilala amekaa kando ya kochi. Mtu akimuuliza hali, alijibu, "Tupo," na akishaisema hiyo alikuwa amemaliza maneno.

Kulikuwa na daktari wa migongo huko Cleveland ambaye watu walimtaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja mtu mwenye tiketi za bure. Nafasi ikapatikana kwa sababu mgonjwa mwingine alighairi. Ofisi yake ilisema wazi: picha za mgongo ziwafikie kabla ya Alhamisi adhuhuri, la sivyo nafasi inapewa anayefuata, na Bernadine atangoja mpaka vuli tena. Kaz alimtazama mkewe akijaribu kugeuka kwenye kochi, akahesabu miezi mpaka vuli, akaacha kuhesabu.

Jumanne alimpeleka hospitali kupigwa picha. Zilipokuwa tayari, msichana wa kaunta alimkabidhi bahasha ya karatasi. Kaz akachungulia ndani.

"Dada, hii nini?"

"Picha za mgongo wa mama, baba."

"Ni CD."

"Ndiyo, baba."

"Dada yangu, tuko mwaka gani?"

"Mifumo yetu na ya Cleveland haizungumzani."

"Haizungumzani? Waligombania nini?"

Msichana alikuwa amechoka kuliko yeye. "Wengine wanaipeleka wenyewe kwa gari, baba. Wengine wanazipandisha picha kwenye tovuti ya daktari. Uchague."

Kaz akaitoa ile CD, akaigeuza kwenye mwanga kama mtu aliyepewa noti ya bandia. Bernadine, kwenye kiti cha magurudumu pembeni yake, alimtazama yeye, akaitazama CD, akafumba macho.

Kaz alichagua gari. Kwenda Cleveland ni kufuata ziwa tu. Lakini Jumatano alfajiri ziwa lenyewe lilikuwa na mipango mingine. Liliamua kuhamia nchi kavu. Theluji ilishuka kama mtu anayemwaga gunia, ikafunika ngazi, ikafunika gari, ikafunika sanamu ya Bikira Maria ya jirani mpaka kidevuni. Redio ikatangaza marufuku ya kuendesha gari kaunti nzima. Kaz alitoka na beleshi, akachimba mpaka akauona mlango wa gari, akanyoosha mgongo, akageuka, na mlango ulikuwa umeshapotea tena. Akaingia ndani.

Basi ilibaki tovuti, na tovuti ilitaka picha, na picha zilikuwa kwenye CD, na laptopu ya kisasa ilimwonyesha tundu lake moja bila aibu yoyote.

Alitafuta draivu ya kununua mtandaoni. Zilikuwepo nyingi, na chini ya kila moja watumiaji walikuwa wamemwaga maisha yao. Mmoja aliipa nyota tano: bado hajaifungua, ila boksi ni zuri. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu mbwa wake aliila. Wa tatu alisema inalia kama nyenje aliyebanwa mlangoni. Na mwingine, nyota tano: "Nilimnunulia mama aangalie video zake za harusi. Mama amefariki. Draivu bado inafanya kazi vizuri." Kaz aliisoma hiyo mara mbili, akaufunga ukurasa. Hata hivyo zote zilikuwa za kuletwa wiki ijayo, barabara zikiruhusu.

"Mpigie Gene," Bernadine alisema kutoka kwenye kochi.

"Gene hana."

"Anayo. Ile yako. Nilimpa."

Kaz akachukua simu.

"Gene. Ni mimi."

"Nani?"

"Mimi, Kaz, umeona jina langu hapo."

"Kaz yupi? Yule wa hewani?"

"Gene, nakuomba, si leo. Ile draivu uliyopewa na dada yako. Iko wapi?"

Unaweza kusikia mtu anatabasamu kwenye simu, ukimjua vya kutosha. "Subiri nikae kwanza, shem. Magoti yangu hayajazoea furaha kama hii. Unataka draivu ya CD? Wewe? Kile kipaza sauti chako kiko wapi sasa?"

"Ni picha za Bernie. Zinatakiwa Cleveland kabla ya kesho mchana."

Sauti ya Gene ikabadilika. "Ungeanza na hilo, mpumbavu wewe. Nakuja."

Gene anakaa nyumba ya nne kutoka kwao, na zilimchukua muda kama nyumba arobaini. Alifika akiburuta sinia la plastiki la wajukuu la kuteleza kwenye theluji, na juu yake draivu ndani ya mfuko, pamoja na chupa za bia na kuku wa bahati nasibu aliyeganda. Vyote vilitoka gerejini kwake. Majira ya baridi gereji ndiyo friji ya pili ya kila mtu pale mtaani. Bia, nyama, kabichi ya pipani, vyote vinakaa huko bure kwa hisani ya mbingu. Draivu ilikuwa juu ya rafu hiyo hiyo tangu ilipookolewa.

Kaz hakungoja hata Gene avue buti. Jikoni supu ilikuwa ikichemka, madirisha yanatoka jasho. Alichomeka draivu kwenye lile tundu, akafungua kisinia chake, akaweka CD, akafunga. Ikanguruma. Ikagonga gonga. Ikanyamaza. Laptopu ikaandika kwamba haioni diski yoyote.

"Umeilaza tu," Gene alisema. "Hizi nyembamba unaibonyeza katikati mpaka isikike."

"Najua."

"Ulijua, ukaamua kuilaza?"

Kaz akaibonyeza, ikasikika. Ikanguruma, ikagonga, ikanyamaza. Wakaitoa, wakaipangusa CD kwa shati la Gene, wakairudisha. Wakazima laptopu, wakaiwasha. Ikagonga tena kama mtu mlangoni asiyetaka kutaja jina lake. Betri nayo ilikuwa ikishuka, kwa maana draivu ilikuwa imekalia tundu la chaji. Hapo ndipo Kaz alipoichomoa draivu, akakanyaga pedali ya pipa la taka, kifuniko kikafunguka.

Haikuwa hasira. Hasira inahitaji nguvu. Ulikuwa mkono tu unaofanya ulichozoea.

"Kaz," Bernadine aliita. "Iweke chini."

"Imekufa, Bernie."

"Ukitoka nje na miwani yako ukaingia hapa jikoni, unaona nini?"

"Sioni kitu. Ukungu mtupu."

"Unaitupa? Hiyo draivu nayo imetoka kwenye baridi."

Gene akaangalia dari. Kaz alisimama na draivu yake mkononi, mguu kwenye pedali, supu ikitokota. Kisha akaondoa mguu, na kifuniko kikajifunga chenyewe.

Wakaiweka draivu mezani, mbali na jiko, wakaiacha ipate joto kama mgeni. CD ikalala kando yake. Laptopu ikarudishiwa chaji yake. Halafu hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa. Gene alifungua bia, akamsogezea shemeji yake nyingine. Theluji iliendelea. Kaz aliweka paji la uso mezani, akalala hapo hapo, mdomo wazi, mtu mzima aliyewahi kuhutubia ukumbi.

Alipozinduka, supu ilikuwa imezimwa na Gene alikuwa akimgonga bega. "Jaribu."

Akaichomeka. Ikanguruma. Safari hii haikugonga; iliendelea kuzunguka, sauti moja nyororo, kama gurudumu la ukumbini likiwa zima na mafuta yake. Kwenye kioo ikatokea orodha ya picha.

"Usishangilie," Kaz alisema. "Usipumue, hata."

Picha zilinakiliwa kwa mwendo wa mtu anayetoka usingizini. Alama ya betri ikageuka nyekundu. Wanaume wawili wazima waliinamia mstari mdogo wa kijani wakiusukuma kwa macho. Ulipofika mwisho, Kaz alichomoa draivu kwa mkono mmoja na kuchomeka chaji kwa mkono wa pili, haraka kuliko alivyowahi kufanya kazi kiwandani. Kisha wakaanza kuzipandisha kwenye tovuti, moja baada ya nyingine, mtandao ukikata kila upepo ulipovuma. Kaz alikaa mbele ya kile kifaa chembamba na kubonyeza upya, na kubonyeza upya, mpaka ya mwisho ikapanda.

Alhamisi asubuhi mwanamke akapiga simu kutoka Cleveland. Picha wamezipata, zinaonekana vizuri, nafasi ya Bernadine iko pale pale. Kaz alisema asante. Akasema tena. Alipokata simu, alikaa kwenye ukingo wa kochi, miguuni kwa mkewe, mikono imelegea magotini.

Gene, aliyekuja kuchukua sinia lake, hakuweza kuvumilia zaidi. "Sasa, shem. Kuna jambo la bekoni. Ukumbi mzima ni shahidi. Nimekuona na CD kwa macho yangu mawili."

"Umemwona jana," Bernadine alisema. "Mimi nilimwona Jumanne, kaunta ya hospitali, ameishika kwenye mwanga. Mimi ndiye wa kwanza."

"Bernie, wewe hata huli!"

"Nani kakwambia?" Alijaribu kujiinua kidogo, akakunja uso, akajilaza tena. "Nataka iliyokatwa nene. Iwe imekauka pembeni. Na yai."

Kaz alimgeukia. Wiki ngapi zilikuwa zimepita tangu amsikie akitaja chakula kwa jina? Alichukua koti.

"Barabara bado imefungwa," Gene alisema.

"Nitakwenda kwa miguu."

"Nakuazima sinia."

Dukani palikuwa na muuzaji mmoja na rafu nusu tupu. Bekoni iliyokatwa nene, ratili moja: dola nane na senti arobaini na tisa, pesa ya Kaz mwenyewe.