Dengu Isiyoonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu sufuria nzima ya dengu kwa kijiko kimoja. Nilionja, kama mpishi yeyote. Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita nyanya, ndiye aliyekuwa na jiko la kupikia harusi hapa Birmingham. Akaisukuma sufuria pembeni.

"Hiyo mtakula nyinyi wafanyakazi. Osha mikono, anza upya."

Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyeishia darasa la sita. Nikauliza kosa langu.

"Otieno, mgeni akija kwako unampa ulichokwisha kula?"

"La, Ba."

"Basi hapa mgeni wa kwanza ni Mungu."

Ndivyo nilivyojifunza. Chakula kikiiva, hupakuliwa kidogo cha kila kitu kwenye sahani ya chuma, wao huiita thali, ikapelekwa mbele ya madhabahu. Kengele ikilia na dua ikiisha, ndipo ulimi wa binadamu unaruhusiwa. Wapishi wengine walishindwa, wakaenda zao. Mimi nilipima chumvi kwa kiganja, na bizari nikaijua kwa mvuke. Hayo si majivuno, ulizeni waliokula.

Halafu ikaja harusi ya mjukuu wake mwenyewe.

"Hii ikienda sawa, jiko nakuachia," aliniambia. "Ikiharibika, natafuta mpishi mwingine."

Nikiwa kwenye sufuria kubwa, mtu wa gesi akagonga mlango. Niliporudi, sikukumbuka kama chumvi nimetia au la. Jikoni nilikuwa peke yangu. Mwiko uko mkononi, unafuka moshi. Nani angejua?

Nikauweka chini. Nikamwita Ba, nikamweleza.

"Hukuonja?"

"Sikuonja."

"Basi usiongeze kitu. Pakua."

Dua ile ilikuwa ndefu, jamani! Kengele ikalia. Ba akarudi na thali, akanipa kijiko kwa mkono wake. Nikaonja. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa. Nikakaa juu ya gunia la mchele.

Ba akacheka. "Inuka, mwenye jiko! Wageni wana njaa."

Nililiendesha jiko hilo mpaka mgongo ulipogoma, nikawaachia vijana. Nyumbani, Bordesley Green, bado sionji. Binti yangu hulalamika kwa Kiingereza chake kwamba mchuzi wa baba ni wa kubahatisha. Mimi humngoja mama yake aombee chakula, tuseme amina, ndipo nachukua kijiko. Na chumvi, nawaambia, haijakosea hata siku moja.