Mkono Unaomtangulia Fundi

Saa tatu asubuhi, mapazia ya chumba cha mazoezi yamefungwa. Fundi cherehani amekaa kitini, kichwani amevaa kofia ya waya, mkono wake wa kulia umo ndani ya glavu ya mashine. Mtaalamu anamwambia awaze kufungua vidole.

Vidole vinafunguka. Fundi anaruka.

"Toba! Mbona sijaamua bado?"

Usicheke, msomaji. Ungekuwa wewe, ungetimua mbio na waya zako kichwani.

Kiharusi kilimkuta akikata gauni la mteja. Mkasi ukamponyoka, na mkono uliomlisha maisha yake yote ukafa ganzi. Siku hizi mumewe, muuza viatu, ndiye anayemfunga vifungo vya blauzi. "Kila siku anaruka kimoja," fundi anamsengenya mbele yake.

Kofia hiyo husoma umeme mdogo wa ubongo. Mashine ikiona dalili kwamba mtu anataka kusogeza mkono, glavu humfungulia vidole, ili ubongo na mkono vizoeane upya.

"Ishara hutangulia, mama," mtaalamu anaeleza. "Ubongo hujiandaa kabla hujajua kwamba umeamua."

"Sasa humu ndani anaamua nani, mwanangu?"

Kijana wa watu akageukia kukaza waya za kofia.

Juzi mambo yalizidi. Zoezi lilikuwa limekwisha, glavu imevuliwa, kofia imetundikwa ukutani. Fundi alikuwa akipiga soga na mumewe. Mara kidole gumba na cha shahada vikaanza kuachana na kukutana juu ya meza, taratibu, vikikata kitambaa kisichokuwepo.

"Mke wangu, unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

Mtaalamu alipiga makofi kwa furaha. Mume alirudi nyuma hadi mlangoni. Fundi alilia, na hakuwa akilia kwa furaha.

"Niliuombea mkono wangu urudi," ananiambia. "Umerudi, lakini naogopa kuushikisha mkasi. Sijui nitakuwa nimemkabidhi nani."

Hata hivyo amekwishapanga. Wiki ijayo atakata gauni jipya, mumewe akimshikia kitambaa.

"Kwa vidole vyangu hivi?" mume anashtuka.

Fundi anacheka hadi machozi, kisha anajifuta macho. Anautazama mkono wake.

"Nikiliharibu, basi. Ila nataka niliharibu mimi."