Mnara wa Makopo wa Yaya Nyota

Kopo tupu la samaki likianguka kwenye lami halilii kama kopo la maziwa. La samaki hulia kwa ukali, halafu hutetemeka kidogo kabla ya kunyamaza. Nalijua hata nikiwa nimeligeuzia mgongo. Juzi watoto wa mtaa huu wa Yeoville walikuwa wanacheza makopo nje ya saluni yangu, moja likaanguka, na mkono wangu ukavuta nywele za mteja kupita kiasi.

"Dada, hicho ni kichwa, si kamba!" akalia.

Nikamwomba radhi. Lakini tangu saa ile sijatulia. Nasuka, nasimama, naenda mlangoni, narudi. Ngoja niwaambie ninyi mnaosubiri kusukwa, maana wanaume wanaokaa hapa nje hawasikii la mtu.

Tulikulia Bertrams, karibu na uwanja mkubwa, tumefika kutoka Uvira na mama, bila baba. Darasani sikufika mbali, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Nilichokuwa nacho ni yaya Nyota, maana kwetu dada mkubwa humwiti jina tupu, unatanguliza yaya; mwenye miguu mirefu na sketi ndefu zaidi. Kanisa la mama lilitaka sketi ifike kwenye vifundo. Ile aliishona Papa Bosco, fundi wa kwetu hukohuko Uvira, akaiachia upana mkubwa ili binti aikulie.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Warushaji wawili, mmoja huku, mmoja kule, na mpira wa soksi iliyojazwa mifuko ya plastiki. Katikati makopo yametawanyika, na timu yenu inayapanga yawe mnara huku mnakwepa mpira. Ukiguswa, hata nguo tu, umetoka. Akibaki mmoja na akamaliza mnara peke yake, wenzake wote waliotoka wanafufuka.

Wanaume wa kwetu walikaa barazani kwa Bosco wakibishana juu ya mchezo huo kama watu waliotumwa. Kudaka kwa mkono mmoja? Hilo tunaliona kila mwezi, walisema. Kuwatoa wawili kwa mrusho mmoja, mpira ukimgonga huyu ukamrukia yule? Adimu, ndiyo, lakini ni bahati, hata kipofu anaweza. "Kujenga peke yako," Bosco alikuwa akisema, uzi mdomoni, "hiyo si bahati. Huyo ni mtu." Na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu mtaani: Dumisani, mtoto wa mwenye nyumba.

Dumisani huyo hakutuita majina. Tulikuwa makwerekwere, wageni, sote jina moja kama mbuzi wa mnadani. Yaya Nyota akamwambia siku moja, kwa Kizulu chake cha kuokoteza, kwamba yeye ana jina. Dumisani akacheka. "Jenga peke yako kama mimi, nitakuita jina lako mbele ya wote."

Jumamosi ile nilitolewa wa kwanza, kama kawaida yangu, nikakaa ukingoni mwa njia. Wengine wakatoka mmoja mmoja, akabaki yaya. Alikuwa na namna yake. Hakukimbia moja kwa moja hata kidogo. Aligeuka ubavu akawa mwembamba kama ubao, akainama, akaweka kopo, halafu akageuza macho akanitazama. Kila kopo hivyohivyo. Barazani wakamcheka: "Huyu anatafuta nini pembeni kama kuku? Cheza, binti!" Mimi nilidhani anataka kupigiwa makofi, nikapiga mpaka viganja vikawaka moto.

Kopo la mwisho likakaa. Mtaa ukalipuka kwa kelele. Mpira wa mwisho ulipita nyuma yake, na naapa, kati ya mpira na sketi ungeweza kupitisha ndoo.

Dumisani akasema umegusa nguo. Yaya akasema haukugusa. Watoto wakamgeukia mtu mzima aliyekuwa karibu kuliko wote, na mtu mzima huyo alikuwa Bosco. Namtaja, sioni kwa nini nimfiche. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya baba yake Dumisani. Akamtazama Dumisani, akatazama dirisha la mwenye nyumba.

"Umegusa," akasema. "Sketi nimeishona mimi. Naujua upana wake."

Yaya Nyota akamsogelea, akamuuliza kwa Kiswahili cha kwetu: "Papa Bosco, uliniona?"

"Niliona kitambaa, mwanangu."

Dumisani akaupiga mnara teke. Ule mlio ndio ninaowaambia.

Yaya hakucheza tena, na jina lake halikuitwa. Bosco naye alipata nini? Mwaka haukuisha, nyumba ikauzwa, cherehani ikatupwa nje pamoja na sufuria zetu. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa, lakini kisima hicho tuliingia sote.

Sasa Bosco ni mzee, anakuja kukaa hapa nje, na ubishi ni uleule. Juzi kopo lilipoanguka nilimsikia: "Kujenga peke yake? Ni mmoja tu. Dumisani." Nikatoka na kitana mkononi.

"Papa Bosco, taja na wa pili."

Akatazama viatu vyake. "Eish, mama. Mambo ya watoto hayo."

Jumapili nilimsimulia yaya tukitoka kanisani. Anafagia ofisi huko Sandton, magoti yamechoka. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinitazama mimi badala ya mpira.

"Nilikuwa naangalia kama bado upo," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Hapo ndipo nilipoikumbuka njia ya kutoka Uvira. Amenishika kifundo cha mkono, milio ya risasi inatoka pande zote mbili, ananiambia usikimbie moja kwa moja, geuka ubavu, na kila hatua chache anageuza macho kunitazama. Kumbe alikuwa ameshalifanya lile jambo adimu, la kupita katikati bila kuguswa, tena na mtoto mkononi, na hapakuwa na baraza ya wanaume wa kubishana juu yake. Mimi miaka yote nilikuwa nalilia makopo.

Tukafika kwenye roboti, zile taa za barabarani, magari yakasimama. Yaya akashusha mguu barabarani, kisha akageuza macho, akanitazama, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wanaonipita urefu.

"Nipo, Nyota!" nikaita, bila kutanguliza yaya, adabu inisamehe, kwa sauti ya kusikika mbele ya wote.