Mbolea Isiyotaka Udongo

Njuki wa Kiambere alikaa na donda mguuni miaka minne. Lilianza na mchubuko wa seng'enge, kitu cha kucheka, kisha likakataa kufunga. Lilinuka, tena tusidanganyane, lilinuka hasa. Kanisani watu walimsalimu kwa upole, wakaenda kuketi mbali, naye akabaki na benchi zima kana kwamba alilinunua. Mkewe Wawira alivumilia miaka mitatu, kisha akaenda kwa binti yao Sheila, kule Nchiru, kufulia wanafunzi nguo. Alisema hajaachika. Donda likikauka, Njuki amwandikie barua, naye atarudi wiki hiyo hiyo. Kesho yake Njuki alinunua bahasha, akaiandika anwani na kuichomeka ukutani, juu ya kitanda.

Mwaka wa tisini na saba daktari kijana aitwaye Murungi alifika zahanati na utafiti wake. Alikuwa na vipande vya utando mwembamba uliotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, na upande mmoja wa kila kipande uligandishwa protini ya kuamsha nyama ichipue. Njuki alipewa sita, abadilishe mwenyewe nyumbani kila Jumatatu, maana zahanati ilikuwa mbali. Daktari akatafuta neno ambalo mkulima angelielewa.

"Mzee, hii ni mbolea ya nyama," akamwambia. "Upande unaong'aa uangalie donda."

Neno tamu, na ndilo lililoharibu mambo. Ujana wake wote Njuki alipanda mahindi ya watu kule Embu juu, na huko hata mjinga alijua kwamba mbolea ya dukani ikigusa mbegu huiunguza. Unaitia shimoni, unaifunika kwa udongo kidogo, ndipo unaweka mbegu. Basi kila Jumatatu aliosha donda kwa maji ya chumvi, akatandika shashi safi ya bendeji iwe kama udongo, na juu ya shashi akaweka utando, upande unaong'aa chini. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima. Alizungumza na mguu wake pia, kwa kuwa nyumba haikuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Wiki ya sita daktari alifungua bendeji, akaiona ile shashi. Kisha akaeleza taratibu kwamba protini ile imefungwa kwenye utando, haiyeyuki wala haitembei. Ni lazima nyama iiguse. Pembeni, mahali shashi ilipojikunja, palikuwa na nyama mpya ya waridi, ukubwa wa punje ya ndengu. Vipande vilikuwa vimekwisha, na utafiti ulikuwa unafungwa mwezi ule.

"Mbolea haigusangi mbegu, daktari," Njuki alisema.

Murungi alikiri kwamba neno lilikuwa lake, na kosa pia ni lake. Akashika kalamu kuandika kwamba dawa haikusaidia.

"Andika dawa haikukosa," Njuki alimwambia. "Imekaa na mimi wiki sita bila kunigusa. Hata watu huwa wanakaa hivyo."

Nyumbani alitoa bahasha ukutani, akatafuta karatasi, akaandika: Mama Sheila, limepona kiasi cha punje ya ndengu. Akaisoma mara mbili. Aliona ni kidogo mno kumtoa mtu Nchiru. Akaitia barua ndani ya bahasha, akaichomeka tena ukutani bila kuifunga.