Siku Wazee wa Tonere Walipomwita Bukuru

Najua mtasema nimezidisha. Mtaa mzima wa Katubuka, hapa Kigoma, unanijua, na jina wanaloniita ni Chumvi, kwa sababu habari ikipita mkononi mwangu hutoka imenona. Sikatai. Samaki niliyemla Jumatatu, ikifika Ijumaa huwa ameshaota pembe. Lakini hili ninalowaandikia sijalitia hata punje. Lingekuwa la kutunga, ningelimaliza kwa vicheko na soda za baridi, maana ndivyo ninavyopenda mambo yaishe. Lilinitokea mimi mwenyewe, jua likiwa bado linawaka, nikiwa na akili zangu zote na cheti changu cha kidato cha nne nilichokitolea jasho kwenye masomo ya jioni.

Ilikuwa ile miaka ambayo watu walikuwa wanavuka ziwa kukimbia vita. Boti zilishusha watu wenye godoro kichwani na mtoto mgongoni, na kabla hawajaomba hata maji walikuwa wanauliza: hamjamwona fulani? Mmoja wao alikuwa Butoyi, kinyozi, aliyepanga chumba jirani na kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Kwetu hapa jina hilo halina haja ya maelezo, ila kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, anayemfuata huitwa Butoyi. Ukikutana na Butoyi, ujue yuko Bukuru mahali.

Yeye na Bukuru wake walipotezana ufukweni, kule Rumonge, ng'ambo ya mpaka. Boti ilibakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Watu wakamsukuma Bukuru ndani, mdogo mtu akaambiwa asubiri inayofuata. Iliyofuata ikafika Kigoma salama. Ile ya kwanza hakuna aliyejua ilitia nanga wapi, au kama ilitia.

Jamaa zake waliokuwa kambini walimshauri aweke matanga, anyoe nywele, alie, kisha aanze maisha. Butoyi hakutaka kusikia. "Nimwekee matanga mtu anayekula ugali wake mahali?" alikuwa anasema, mashine ya kunyolea mkononi, na mteja kwenye kiti anatetemeka asichanwe sikio. Basi kila Jumapili alikuwa anakwenda mwaloni, pale zinaposhusha boti, kuuliza, na kila Jumapili jioni anarudi peke yake. Mimi na Sadiki, rafiki yetu wa Ujiji aliyekuwa akiuza dagaa, tulikuwa tunamchekesha kwa nguvu zetu zote. Ndiyo kazi tuliyojipa.

Hapo ndipo Tonere walipokuja mjini.

Tonere walikuwa bendi ya wazee wanne, wakimbizi nao, wamepiga pamoja tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Msidhani ni rumba. Hawa ujanani walisikiliza santuri za Wazungu wenye nywele ndefu, wakaamua gita lipige kelele kama bati linalokatwa kwa msumeno. Wenyewe waliuita muziki wa chuma. Mwimbaji wao, waliyemwita Papa Leo, alivaa koti la ngozi katika joto lile la Kigoma, taulo shingoni, na bado alikuwa anaruka. Mzee mwenye umri wa kubembeleza wajukuu!

Onyesho lilikuwa mchana, saa tisa, ili watu wa kambini wawahi kurudi. Sadiki alikuja amevaa suruali ya harusi.

"Sasa wewe hiyo suruali unampelekea nani?" nikamuuliza.

"Nawapelekea wajane. Huko kuna wajane wengi, Chumvi, na mimi nina huruma."

Butoyi akacheka, kicheko cha kweli. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi kuliko ningependa.

Ila hakuja kwa ajili ya muziki. Tonere walikuwa na utaratibu wao, na kambi zote ziliujua. Mnajua waimbaji wa bendi hutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo ili watunzwe. Papa Leo alikuwa anataja waliopotea. Wimbo ukifika mahali fulani, gita linabaki linakoroma chini, ngoma zinaendelea kugonga, naye anaita jina baada ya jina. Aliyeitwa, kama yumo, anajibu "Niko!" na kunyanyua mkono. Walisema kuna mama aliwahi kumpata mwanawe hivyo, wamesimama ukumbi mmoja, watu watatu tu katikati yao. Niambieni, nani angekaa nyumbani?

Tukaingia ukumbini. Jamani, ule muziki! Gita la kwanza lilipolia nilihisi meno yangu yanabadilishana nafasi. Popo walitoka darini wakahama wilaya. Sadiki alikuwa ananipigia kelele sikioni, mdomo umegusa sikio, na sikupata hata neno. Mtu ulikuwa husikii hata mawazo yako. Joto nalo lilikuwa la tanuri, shati la kila mtu limegandana na mgongo, jasho linadondoka kutoka kwenye pua hadi kwenye kiatu cha jirani. Hili la jasho mlishike, lina maana.

Muda wa majina ukafika. Butoyi akajipenyeza kwenda mbele. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma, karibu na mlango. Majina yakaitwa. Mengine yakapita kimya, na kila kimya kikipita Papa Leo alikuwa anainamisha kichwa kidogo kabla ya kuita linalofuata. Gita likikoroma tu.

"Bukuru!" akaita.

"Niko!" wakajibu wanaume watatu kutoka pande tatu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Utamwita Bukuru Kigoma upate mmoja? Hata Papa Leo alicheka. Mpiga gita akadhani ameruhusiwa, akaongeza sauti.

Wakati huo nikageuka, nikamwona Butoyi amesimama pembeni yangu, kaegemea ukuta kama mimi.

Nikamwinamia nikamfokea sikioni, "Mbona umerudi? Nenda ukaangalie hao watatu!"

Hakusogea. Akasema, "Mwambie anayeniita aache."

Nisikilizeni vizuri. Hakupaza sauti. Hakunikaribia. Aliongea kama mtu anayeongea na mwenzake sebuleni mtoto akiwa amelala, na mimi nilisikia kila neno, wakati Sadiki, aliyekuwa ananifokea sikioni muda mfupi kabla, sikumsikia. Akaendelea: "Siku ya kuzaliwa nilitoka kwanza, yeye akanifuata. Safari hii asinifuate. Mwambie anilie, basi."

Nikadhani ni uchungu unamsemesha. Nikataka kumpiga begani kumpa moyo, mkono ukiwa njiani nikaona shati lake. Lilikuwa kavu. Katika tanuri lile, shati limekaa kama ndiyo kwanza limetoka kwenye pasi, hata paji la uso halina tone. Na hapo hapo, mbele kule, Papa Leo akamvuta mtu jukwaani, akampa kipaza sauti. Butoyi. Jasho linamtiririka kama aliyetoka kuoga, anasema: "Bukuru wa Rumonge. Sura yake ni hii. Nitazameni!"

Niligeuza shingo polepole. Pembeni yangu ulikuwa ukuta mtupu. Mlango nao ulikuwa umejaa watu, hata paka asingepita.

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga! Nani angenisikia?

Kumbe kule mbele mambo yalikuwa yanakwenda kwingine. Mwanamume mmoja alikuwa amepanda jukwaani, anamtazama Butoyi usoni huku kashika kichwa. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba mtu mwenye sura hiyo hiyo amemwona kwa macho yake Mwamgongo, kijiji cha kaskazini yetu, amekaa kwenye mawe ufukweni. Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wa Tonere wakafungulia kila kilichokuwa na kitufe, na Butoyi akacheza juu ya jukwaa, mikono hewani, analia na kucheka.

Ningefanyaje? Nilimsubiri nje, na nilimwambia. Naapa nilimwambia, neno kwa neno kama nilivyowaambia ninyi.

Sadiki ndiye aliyeanza. "Ehe! Na huyo mzimu alikuomba umzibie pancha?"

"Sadiki, sina mzaha leo."

"Wewe? Juzi uliniambia mamba wa Malagarasi alikusalimia shikamoo!"

Wote wakacheka, hata watu tusiowajua. Butoyi naye alicheka kwanza, lakini alipoona narudia, macho yakabadilika.

"Chumvi," akasema, "nimekuvumilia mengi kwa sababu unanichekesha. Kwa ndugu yangu, hapana. Usinitanie kwa ndugu yangu."

"Sikutanii. Amesema usimfuate, umlie tu."

"Watu wote wanataka nilie!" akafoka. "Mmeona siku moja nimefurahi, mnataka nilie!"

Fikirini, mtu mwenye maneno kama mimi, niliyeweza kuwashawishi watu kwamba mamba ana adabu, siku ile moja niliyokuwa na kweli mdomoni sikuweza kumshawishi hata mtu mmoja. Nilishika mkono wake. Akauondoa taratibu, bila hasira, akasema akirudi watakuja wote wawili kunisalimia, ili nishindwe kujua yupi ni yupi. Kesho yake akapanda boti mwaloni Kibirizi, kwenda huko Mwamgongo.

Siku mbili zikapita, kinyozi hajafungua. Mimi na Sadiki tukamfuata. Sadiki alisema anakwenda kununua dagaa, lakini hakubeba hata gunia, na njia nzima hakufanya utani.

Mwamgongo tukamkuta mama mmoja ameanika dagaa ufukweni. Tukamwamkia, tukamweleza sura ya Butoyi. Akaweka mikono kiunoni.

"Yemwe, jamani! Nanyi mnamtafuta huyo? Mbona huyo kijana kanichosha! Kaja juzi asubuhi, kaniuliza kama nimemwona ndugu yake anayefanana naye. Nikamwambia sijamwona. Akashukuru, akaondoka kwa kufuata ufuo, kwenda kaskazini. Boti ya mchana ikaja, namwona anashuka tena, ananiuliza yale yale! Nikamwambia, mwanangu, si wewe nimekujibu asubuhi? Umekwenda kule kaskazini, sasa umerudije kwa boti?"

"Akasema nini?" Sadiki akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aseme nini? Aliruka kama mtoto. Akaniuliza, amevaa nini? Nikamwambia, shati kama lako, ila wewe umeloa maji ya boti, yule wa asubuhi alikuwa mkavu. Akanikumbatia, akakimbia. Kule." Akaonyesha kule ambako ufuo unabanwa na milima, ambako ukiendelea unafika mpakani, na ng'ambo ya mpaka wakati ule bunduki zilikuwa hazijanyamaza.

Tulitembea ufuo ule mpaka watu waliotoka mbele wakaturudisha. Wawili kati yao walimwona. Walisema alikuwa anaita jina huku anakimbia, na kila baada ya muda anasimama, kama mtu aliyejibiwa.

Hadi leo hajarudi. Chumba chake tulikaa nacho hadi mwenye nyumba akachoka kusubiri. Sadiki ameoa, ana watoto wengi, bado mdomo wake ni wembe, ila tukibaki wawili huniuliza: "Shati lilikuwa kavu kabisa?" Namjibu: "Kabisa." Anatikisa kichwa, tunaendelea na kahawa. Mimi bado natia chumvi, sina dawa ya hilo. Lakini mahali penye muziki mkubwa siegemei ukuta, na mtu akija kusimama pembeni yangu namgusa kwanza shati, hata wakiniona mwendawazimu.

Nanyi mnaosoma, nawaonya. Ukimsikia mtu anaongea kwa upole mahali ambapo hakuna anayesikika, usitazame jukwaani. Mshike. Umng'ang'anie, uwaite na wenzako waje wamwone, hata kama mtaaibika wote. Usikubali kubaki na ujumbe wa aina hiyo peke yako. Mimi nilibaki nao peke yangu, na mtu pekee aliyeweza kunitolea ushahidi ndiye yule yule ambaye Butoyi alikuwa anamkimbilia kule kaskazini.