Fundi Cheche afungua dashibodi, akutana na Mpole

Saa tatu asubuhi, na kitu pekee cha Fundi Cheche kinachoonekana ni miguu. Imelala juu ya kiti cha dereva, soksi moja ina tundu. Sehemu yake iliyobaki imezama chini ya usukani wa gari jekundu la milango miwili, gari la mbio la miaka thelathini na moja iliyopita. Kutoka huko chini inasikika bisibisi ikigonga chuma, kisha neno moja ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha.

"Kuna nini, fundi?" anauliza mwandishi.

"Ameshapita huku," inajibu miguu.

Aliyepita ni fundi mwingine wa umeme wa magari, ambaye watu wa kazi hii humwita Mpole. Alipita miaka kumi na moja iliyopita. Cheche amemwonea wivu kwa miaka ishirini na saba, wala hafichi.

"Andika tu," anasema akijichomoa taratibu, mkono kiunoni. "Andika namwonea kijicho. Mtaa mzima unajua, kwa nini wasomaji wako wasijue?"

Cheche ana miaka hamsini na mitatu. Kibanda chake cha mabati kiko kati ya muuza matairi na muuza vioo. Kazi yake ni kuyavalisha magari ya zamani vitu vya kisasa: redio za skrini, spika, ving'ora, kamera za nyuma. Wiki nzuri hupata magari tisa, mbaya mawili.

"Watu wanadhani hii ni kazi ya akili. Ni kazi ya shingo," anasema.

Yeye na Mpole walianza kujifunza kwa mzee mmoja, siku moja, wakitumia benchi moja. Cheche alikuwa mwepesi. Mpole alikuwa wa polepole, na mzee alimpenda huyo wa polepole.

"Mimi nikimaliza gari mbili, mwenzangu bado anafunga mafundo kwenye moja. Mzee anakuja, ananipita kama nguzo, anainama kwa Mpole: 'Chanda chema huvikwa pete.' Kila siku chanda, kila siku pete! Mimi kwake nilikuwa na damu ya kunguni."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mwisho kila mmoja alifungua kibanda chake. Mwandishi wa makala haya, ambaye mwenzake wa dawati la pili hupata ukurasa wa mbele kila wiki, hakumcheka.

Gari hili ni la daktari wa meno. Anataka redio ya skrini, amplifaya na kamera ya nyuma, kwa kuwa gari ni fupi, kioo cha nyuma ni kidogo, na ameshagonga ukuta wa nyumba yake mara mbili. Alianza kwa Mpole, fundi wake wa siku zote. Lakini macho ya Mpole yamefifia, na ameacha kazi tangu mwaka jana. Alimwambia daktari: peleka kwa Cheche, usipeleke kwingine.

"Unaona ni sifa?" Cheche anauliza. "Si sifa. Ametaka nifungue, nione."

Anamulika tochi ndani ya dashibodi, na hata asiyejua umeme anaelewa. Nyaya zimelazwa kwa safu kama nywele zilizosukwa. Zimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, fundo kila baada ya vidole vitatu, kama mzee alivyofundisha. Kila waya una kijikaratasi chenye maandishi madogo: taa ya kulia, honi, feni. Hakuna kiungo kilichosokotwa kwa haraka. Hakuna hata kimoja kilichoota kutu.

Cheche aliacha uzi zamani, siku hizi hutumia mikanda ya plastiki. Anaitazama kazi ile kwa muda. Halafu anachukua koleo la kukatia.

"Zimeoza hizi," anasema bila kumtazama mtu. "Nitazing'oa zote, nianze upya. Daktari nitamwambia hivyohivyo, zilikuwa zimeoza."

Hazijaoza. Koleo liko mkononi, na kati ya meno yake na kazi bora ya maisha ya Mpole kuna nafasi ya kidole kimoja.

Hapo ndipo mke wake, aliyeyasikia hayo kutoka nje, anapoingia na chupa ya chai. Anamwangalia mumewe, anaangalia koleo, anacheka.

"Mpole tena? Mwandishi, huyo ndiye mke mwenza wangu. Nimeolewa miaka ishirini na mbili, na bado anamtaja yeye kuliko mimi." Anainama kuchungulia. "Zimeoza kweli, Baba?"

Cheche anazima tochi. Analiweka koleo juu ya kiti, karibu, na kusema ataanza na kamera kwanza.

Kamera ndiyo kazi ngumu. Waya wake lazima utoke kwenye dashibodi hadi kwenye buti, kupitia upenyo mwembamba chini ya kizingiti cha mlango. Zulia la gari hili limegandishwa kwa gundi, na kwa umri wake ukilifumua linachanika. Cheche anakadiria nusu siku, pamoja na matusi.

Anabandua kifuniko kidogo cha plastiki kando ya mlango. Ndani, umefungwa kitanzi nadhifu, kuna ncha ya uzi wa viatu. Una kijikaratasi. Anakisoma kwa sauti: "Wa kuvutia waya. Kwa atakayefuata."

Mpole alikuwa ameupitisha uzi mtupu hadi kwenye buti, miaka kumi na moja kabla, kwa ajili ya fundi asiyemjua na waya ambao haukuwepo.

Cheche anakaa chini, kwenye sakafu yenye mafuta. Chai inapoa.

"Angenitukana ningemwelewa," anasema hatimaye. "Hata wema ameniwahi!"

Anafunga waya wa kamera kwenye uzi ule. Anafikiri, anaingia kibandani, anarudi na kitu kwenye kiganja, anakifunga hapohapo pamoja na waya. Anakwenda nyuma, anafungua buti, anavuta. Nusu siku imekwisha kwa nusu dakika. Kisha analirudisha koleo kwenye sanduku na kuanza kuunganisha redio.

Saa tisa alasiri daktari anafika. Skrini inawaka, muziki unalia, na anaporudisha gari nyuma anaona matairi ya jirani kwenye picha, kabla ya kuyagonga safari hii.

"Na nyaya za zamani?" anauliza. "Mpole alisema nikuulize, zilikuwa na hali gani?"

Mke wa Cheche anaacha kufunga chupa ya chai. Fundi anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Nzima," anasema. "Sijakata hata mmoja. Sijaona kazi kama ile." Maneno hayo yanamtoka kama jino bila ganzi, na daktari wa meno anatabasamu.

Gari likiwa tayari kuondoka, mwandishi anamuuliza ana mpango gani sasa. Cheche anasema amenunua bunda la uzi wa viatu. Kisha anainama mlangoni na kuonyesha kile alichokivuta pamoja na waya wa kamera: uzi wa viatu, mabaki ya enzi za mzee.

"Yeye aliacha uzi mmoja. Mimi nimeacha mbili," anasema. "Jumamosi daktari atampitishia gari nyumbani, na mimi nitakuwepo. Macho yake yamefifia, lakini vidole vizima. Nataka aguse hapa, ahesabu mwenyewe."